Vichwa vya Dagaa Kwenye Maji ya Chumvi

Tangi la kwanza nililianza kwa huzuni, la pili nikalianza kwa hasira. Lililodumu ni hili la hasira. Kwa hiyo mtu akiniuliza mwanzo wa kufuga samaki wa baharini hapa Mpanda, ambako bahari wengi wetu tumeionea kwenye simu, huwa namwambia kwanza atafute mtu wa kumchukia. Wengine hucheka. Mimi sitanii.

Nina saluni Majengo, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mume wangu ni dereva wa lori. Tulipofikisha miaka tisa ya ndoa bila mtoto, alinipakia kwenye lori lake tukaenda Dar es Salaam, kwenye hospitali moja inayosifiwa kwa mambo ya uzazi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Ukutani mbele yetu palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe. Niliwaangalia saa zote hizo. Tuliitwa ndani, tukaambiwa tuliyoambiwa, na tulipotoka sikutaka kumtazama mume wangu usoni, nikarudi kuwatazama samaki. Nikamwambia, sirudi Mpanda mikono mitupu, nataka hao. Hakubisha. Siku ile hata ningeomba twiga angenitafutia.

Muuzaji wa samaki wa mapambo, kijana mpole aliyeniita dada kila baada ya maneno matatu, alituuzia pampu, kifaa cha kupasha maji joto, mchanga mweupe, mawe yenye vitundu, ndoo ya chumvi, kipima chumvi na vichupa vya dawa ya kupimia maji. Nilimuuliza kwa nini ninunue chumvi Dar wakati Uvinza, kunakotengenezwa chumvi, ni jirani zetu. Akacheka, lakini kwa adabu. "Dada, ile ni ya mboga. Baharini kuna chumvi na mengine mengi, na samaki anayahitaji yote." Akanipa sharti moja: niyaandae maji, niweke mawe, niwashe pampu, halafu nisubiri wiki sita kabla ya kutia kiumbe chochote. Maji mapya ni machanga, akasema. Uchafu wa samaki hugeuka sumu, na vijidudu vya kuila sumu hiyo huchukua muda kuzaliwa. "Maji yakikomaa, nipigie. Nitakutumia samaki kwa basi."

Fundi wa madirisha ya vioo alinitengenezea tangi la lita sitini. Nilinunua maji ya kunywa ya madumu, nikachanganya chumvi kwenye ndoo, nikakoroga, nikapima, nikakoroga tena. Nililiweka tangi sebuleni, mbali na dawa zangu za nywele, na wateja wakawa wanachungulia kupitia pazia. Siku ya kumi na moja uvumilivu ukaniisha. Nilimpigia kijana nikamwambia wiki sita zimetimia. Akaniamini, mimi si dada yake? Samaki wawili wakapanda basi ndani ya mfuko wa maji na hewa, mfuko ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, wakanifikia wazima.

Sasa nimlete mhusika wangu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Ikola, ufukweni mwa ziwa, na anafanya biashara ya dagaa. Ana watoto sita, sauti ya kuvuka ziwa, na ndugu mmoja tu wa kiume, ambaye ni mume wangu. Kila baada ya wiki chache huja Mpanda na magunia yake, na kwetu ndiko hufikia. Kwa desturi yetu wifi ni mtani. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kuku wako akamchinja, unacheka na kumkaangia. Ukikasirika, aibu ni yako, kwa maana utani hauna kesi. Tangu niolewe alikuwa amenitania kuhusu upishi wangu, miguu yangu, Kipimbwe changu na ng'ombe wa Kasansa nilikozaliwa, na mimi nilimrudishia kwa harufu ya dagaa. Lilikuwa jambo la furaha kabisa, na wala sisemi uongo.

Alifika siku tatu baada ya samaki wangu. Akakaa siku mbili. Asubuhi ya tatu nikawakuta samaki wote wawili wamelala ubavu chini, maji yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele, yananuka. Nilipiga kelele moja tu. Yeye akaja mbio, akatazama, akanitazama, na mimi niliyemjua nikaona jinsi wazo lilivyomjia usoni.

Akajifunga kanga kiunoni, nyingine akajitandia kichwani. Akatandika mkeka mbele ya saluni yangu, mahali wateja wanapopita, akakaa chini na kuanza kulia msiba. Anaijua kazi hiyo. Kwenye misiba ya kweli huitwa. "Nyie wa Majengo! Njooni, mwenzenu amefiwa!" Wakaja, kwani nani asije? Wanawake wa genge, mteja wangu mmoja akiwa na dawa kichwani, mama wa nyumba ya pili aliyeleta chumvi kwenye kijiko na kuiita rambirambi. Marehemu wakafunikwa kitambaa cheupe kwenye sahani. Wifi akasimama kusoma wasifu wao.

"Marehemu walitoka Dar es Salaam wazima. Wakapita Morogoro, wazima. Wakapita Dodoma, Tabora, wazima. Inyonga pale walikuwa wanaimba! Wakaja kufia mikononi mwa huyu. Jamani, huyu mwanamke hana mkono wa kufuga. Hata samaki! Hata samaki, nyie!"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika katikati, kama redio iliyoisha betri. Kila aliyekuwa pale alijua lile neno "hata" limefuata nini. Miaka tisa. Wengine wakatazama chini. Mteja wangu akashika kichwa chake chenye dawa. Na mimi, mke wa mtu, mtani wa mtu, nikafanya nilichotakiwa kufanya. Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na watu wakafarijika kuyaona, wakaendelea. Tukawazika marehemu chini ya mpapai. Mchana nikampikia wifi ugali na mlenda, akala, akanisifia.

Mama yangu kule Kasansa ana mkono wa kufuga. Jirani akiwa na kuku anayezubaa, humpeleka kwa mama. Ndama aliyekataliwa na mamaye, kwa mama. Nilikulia kwenye sifa hiyo nikidhani nimeirithi. Ndiyo maana neno la wifi halikupita kama maneno yake mengine. Lilikaa.

Alipoondoka nilimwaga maji ya tangi na kuinua mawe. Nyuma ya jiwe kubwa, palipojificha, nilikuta rundo la vichwa vya dagaa. Si kimoja wala viwili. Viganja viwili vizima, vimevimba, vimeota ukungu mweupe. Nikakaa sakafuni na kuvitazama. Katika nyumba yetu dagaa huchambuliwa na mtu mmoja tu anapokuwepo, na hutupa vichwa pembeni huku anapiga hadithi. Alikuwa amewalisha samaki wangu makapi ya mboga, siku mbili, kwa viganja. Halafu akawalilia.

Nilimpigia kijana wa Dar. Alisikitika sana. Akasema chakula kingi ni sumu, lakini tangi lililokomaa lingeweza kujitetea kidogo. Akauliza tena, kwa upole, kama kweli zilikuwa wiki sita. Nikamwambia zilikuwa wiki sita na siku mbili. Jibu lolote jingine sikulitaka. Muuaji nilikuwa nimeshampata, na alikuwa ananifaa.

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Vile vichwa niliviosha, nikavianika dirishani, vikakauka, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo nikaliweka kabatini nyuma ya nguo zangu za ndani. Ningeweza kumwambia wifi papo hapo. Angeshtuka, angesema pole, tungecheka, na ingeisha. Sikutaka iishe. Nilitaka naye asimame mahali ambapo sheria inamlazimisha acheke.

Tangi la pili nililiweka chumbani kwetu, mimi na mume wangu. Nina sababu. Kwa heshima ya kwetu, dada haingii chumba cha kulala cha kaka yake. Anaweza kufungua sufuria zangu, kabati langu la vyombo, hata pochi yangu, lakini mlango ule hauvuki. Hakukuwa na mahali pengine Mpanda nzima ambapo mkono wake usingefika. Na bado nilimwambia fundi aweke mfuniko wenye kufuli.

Safari hii nilisubiri. Kijana aliniambia kwamba tangi tupu nalo linahitaji kitu cha kuozea ndani, kitu kidogo chenye nyama, ili sumu itokee na wale vijidudu wapate chakula na kuzaliana. Akasema kamba mmoja anatosha. Nikamuuliza, na kichwa cha dagaa? Akafikiri, akasema kinafaa, dada, ila kidogo. Nilifungua kopo. Nikadondosha vichwa vitatu, kimoja kimoja. Nikaviambia, ozeni vizuri.

Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni nilipima. Matone kwenye kichupa yaligeuka kijani, maana yake sumu ipo. Kesho yake kijani zaidi. Wiki ya tatu nilidhani nimeharibu tena, nikalia kidogo, nikamkumbuka wifi juu ya mkeka, machozi yakakauka yenyewe. Wiki ya tano kijani kikaanza kupauka. Wiki ya saba matone yakabaki ya njano, na kesho yake njano, na keshokutwa. Nikangoja wiki nyingine mbili kwa ubishi tu. Halafu nikaagiza samaki mmoja. Mmoja, kwa sababu huyo ndiye niliyekuwa na nguvu ya kumpoteza.

Nilijifunza mengine kwa hasira hiyo hiyo. Kiangazi maji hupungua, na anayeanza hukimbilia kuongeza maji ya chumvi, kumbe kinachopaa kama mvuke ni maji peke yake na chumvi inabaki. Ukiongeza chumvi juu ya chumvi, unamkausha samaki ndani ya maji. Nilichora mstari kwenye kioo kwa rangi nyekundu ya kucha, maji yakishuka chini ya mstari najaza ya kunywa. Kabla ya kugusa chochote nilinawa mpaka viwikoni, kwa sababu mikono yangu hushinda kwenye dawa za nywele. Umeme ukikatika nilikuwa na pampu ndogo ya betri, na Julai, Mpanda inapokuwa na baridi yake, nililizungushia tangi blanketi. Chakula nilimpa chembe, kwa ncha ya kibanio cha nyusi. Samaki akanijua. Nikiingia chumbani alikuja kwenye kioo na kutikisa mkia.

Wifi alikuja na kuondoka, alikuja na kuondoka. Nilimpikia. Alipouliza habari za samaki nilimwambia nimeacha, sina mkono wa kufuga. Akacheka akasema, "Si nilisema?" Upande wa pili wa ukuta, mita mbili kutoka mgongo wake, samaki wangu alikuwa anakula chakula cha mchana.

Mwaka ukatimia tangu samaki huyo afike. Mume wangu alikuwa safarini na sikumwambia kitu, hilo naye hajalisahau. Nilimpigia wifi simu Ikola. Nilimwambia, "Wifi, tumepata mtoto." Sikuzungusha, nilisema hivyo hivyo. Ulikuwa uongo, na niliutengeneza mwezi mzima. "Wa kumlea?" akauliza. "Njoo umwone," nikasema. "Yuko chumbani. Njoo na vya hongera, shangazi."

Alifika kesho yake na gari la kwanza la mizigo. Nilimsikia tangu barabarani akiimba. Alikuwa na kuku amemkumbatia, unga wa uji kwenye mfuko, na kitu kilichofungwa ndani ya kitenge safi. Machozi yalikuwa yameacha mistari kwenye vumbi la uso wake. "Yuko wapi huyo mtu anayeniita shangazi?" Mlangoni pa chumba chetu akasita, miaka yote ile alikuwa hajavuka pale. Akavua viatu. Akapiga hodi. Akaingia ameinama, anavyopaswa mtu kuingia kwa mama mzazi.

Nilikuwa nimekaa kitandani, kopo mapajani. Nikanyoosha kidole kwenye tangi. Samaki wangu akaja mbele ya kioo kwa adabu zote.

"Mpokee mwanao," nikasema. "Wale wawili uliwalilia barabarani. Huyu umemkuta hai, ana mwaka mmoja, kwa mkono wangu huu huu." Nikafungua kopo. "Na hivi ni vichwa vya dagaa wako. Niliviokota nyuma ya jiwe siku ya msiba. Muuaji alilia kuliko wafiwa. Lakini utani hauna kesi, wifi. Cheka."

Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo mwaka mzima, nikisuka vichwa vya watu, na yalitoka bila kukwama hata moja.

Wifi hakucheka. Alimtazama samaki, akalitazama kopo. Kuku akamponyoka akaingia chini ya kitanda, na hakuna aliyemfuata.

"Niliwakuta wanafunguafungua midomo," akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Nikajua wana njaa. Mimi siwezi kukaa kwenye nyumba, kitu kidogo kinafungua mdomo, nikakipita."

Nikalifunika kopo.

"Ulijua mwaka mzima?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanipikia?"

"Nilikuwa nakupikia."

Akajaribu kucheka, nampa haki yake. Kicheko kilifika shingoni kikageuka kikohozi. Akaweka kile kitenge kitandani, akavaa viatu vyake, akaenda kulala kwa mwanamke mwenzake wa biashara, sokoni. Nilishinda, na utamu wake niliusikia ulimini mpaka jioni nzima, nisijifanye malaika. Halafu nikafungua kitenge.

Kilikuwa kijishali cha mtoto, cha njano, cha kufumwa kwa mkono. Upande mmoja uzi ulikuwa umepauka karibu kuwa mweupe, na kadiri nilivyokikunjua rangi ilizidi kuwa mpya, mpaka mstari wa mwisho ambao ulikuwa unang'aa. Mtu hafumi kitu kama kile kwa usiku mmoja. Alikuwa amekianza na kukiacha, kukianza na kukiacha, pengine tangu mwaka nilioolewa, na ule mstari mpya aliumalizia baada ya simu yangu.

Mume wangu aliporudi na kusikia, alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu akasema, "Mmezidi." Nilimjibu kwamba aliyeanza si mimi.

Miezi miwili wifi hakukanyaga kwetu. Mwezi wa tatu dereva wa gari la Ikola aliniletea mfuko wa dagaa, hakuna ujumbe. Niliumwaga kwenye sinia kubwa niuchambue kabla ya kupika. Dagaa wote walikuwa hawana vichwa. Ni dagaa wa Tanganyika, wembamba kama kijiti cha kiberiti, na mfuko ulikuwa wa kilo tano. Mtu alikuwa amekaa chini Ikola na kuwakata kwa ukucha, mmoja mmoja, mamia kwa mamia. Nilitaka kuona dharau humo ndani. Ningefurahi sana kuiona. Nilipekua sinia nzima nikitafuta kichwa kimoja alichokisahau au alichokiacha makusudi, ili nijue vita bado ipo.

Sikukuta hata kimoja. Samaki wangu bado yuko hai, kijishali kiko kabatini palipokuwa kopo, na dagaa huja kila mwezi wakiwa vile vile. Na mimi bado sijamwambia wifi habari ya zile siku kumi na moja za maji machanga.